Bonge la Uzi Chini ya Kitanda

Machi 4, Jumanne

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amenipa daftari hili na kuniagiza niandike kila siku mkono wa kulia wa Mama umefanya nini. Amesema sentensi moja inatosha. Hanijui bado. Mimi ni mfumaji wa masweta ya shule, na kule karakanani tunazungumza kushinda mashine zenyewe.

Basi sentensi yake hii hapa: leo mkono wa kulia wa Mama haukufanya kitu.

Zilizobaki ni zangu. Wiki tano zilizopita Mama alianguka akianika nguo. Kiharusi. Mguu umeanza kurudi, anasimama akishikwa kwapani. Maneno yamekwenda yote, limebaki moja, "basi." Akitaka maji, basi. Uji ukiwa wa moto, basi. Nimeshahesabu basi saba tofauti na ninazielewa tano. Mkono wa kulia umelala mapajani kana kwamba si wake. Wa kushoto ulipindika vidole zamani kwa baridi yabisi. Unaweza kuelekeza, hauwezi kushika kijiko.

Jumapili Kaka alikuja na gari. Anataka Mama akakae kwake, mji mwingine, safari ya siku nzima, kwenye nyumba kubwa yenye msichana wa kazi na chumba chenye dirisha. Nikamwambia Mama ana dirisha lake hapa, na amelitazama miaka arobaini. Akasema mtu wa kulishwa anahitaji mtu kila saa, na mimi nina kazi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana mbele ya mtaalamu: tungoje hadi Jumapili ya mwisho ya Mei, mvua zikiwa zimekwisha. Siku hiyo Mama akila mwenyewe kwa mkono wake, atabaki nyumbani kwake pamoja nami. Akishindwa, ataondoka na Kaka.

Kaka alipokuwa anaingia garini aliniambia, "Bendera, usijiumize bure." Ananiita hivyo tangu utotoni. Mama alisikia yote. Alikuwa ametazama ukuta.

Machi 5, Jumatano

Haukufanya kitu. Mvua ya kwanza imenyesha, na paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

Machi 7, Ijumaa

Kazi ya mtaalamu ni kusema "tena." Mama akijaribu, tena. Akichoka, tena. Nimempa jina la Bwana Tena, na mama mdogo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mama mdogo ndiye anayekaa na Mama mchana nikiwa kazini. Ni mdogo wake wa mwisho, na hajawahi kukaa mahali kimya.

Bwana Tena ameleta mpira wa kubonyeza. Mama aliutazama mpira, akanitazama mimi, akasema basi, na hiyo basi niliielewa vizuri sana. Amefanya kazi kwa mikono tangu akiwa na miaka tisa. Aliwafumia watu masweta kwa sindano mbili, na nyumba hii yote imesimama juu ya sindano hizo. Ukimpa mtu kama huyo mpira abonyeze, abonyeze, na mwisho wa siku hakuna kitu kilichotoka, umemtukana.

Anahitaji kazi. Nitamtafutia.

Machi 10, Jumatatu

Chini ya mashine yangu kuna takataka ninayoikanyaga mwaka wa ishirini sasa: mwisho wa koni za uzi, nyuzi zinazokatwa sweta likikamilika, mikono ya masweta yaliyoharibika. Kila Jumamosi inafagiliwa na kuchomwa. Leo nimemwomba msimamizi nichukue. Akauliza za nini. Nikamwambia za mgonjwa. Alinikazia macho kidogo, kisha akasema chukua, umetupunguzia moshi. Nimerudi na gunia zima, bluu ya shule tupu.

Machi 13, Alhamisi

Gunia limeanza kazi. Nimesuka kamba nene ya nyuzi kumi na mbili, nikaipigilia ukutani kutoka kitandani hadi mlango wa choo, na kila baada ya hatua moja nimefunga fundo ili mkono ujue umefika wapi. Vipande vifupi visivyofaa kitu nimevishindilia ndani ya soksi kuukuu. Sasa ni mto mdogo wa kiwiko. Mpini wa kijiko nimeuviringishia uzi mpaka ukawa mnene kama gunzi la mahindi, kwa sababu vidole vigumu hushika kinene kabla ya chembamba.

Na kazi yenyewe ni vishada vya uzi, mapambo ya kuning'iniza. Mimi nakata kadibodi, Mama anazungusha uzi. Mkono haushiki, kwa hiyo nimeufunga uzi kwenye kidole chake cha shahada, na ninausogeza mkono mimi. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kishada cha kwanza kilitoka kama panya aliyenyeshewa. Nimekitundika mlangoni hivyohivyo.

Machi 14, Ijumaa

Vishada viwili. Kidole hakikusogea.

Machi 15, Jumamosi

Kishada kimoja. Mvua.

Machi 18, Jumanne

Kidole cha shahada kimesogea. Si mimi niliyekisogeza. Nilikuwa nimeinama kuokota mkasi, nikaona uzi umekazwa. Nikamwambia tena, kwa sauti ya Bwana Tena, na Mama akakunja uso, na kidole kikasogea tena.

Nikampigia Kaka simu. Alifurahi, nisimsingizie. Kisha akasema, "Kidole si kijiko, Bendera."

Nitalieleza jina hilo sasa, nikiwa na hasira nalo. Nilipoanza shule Kaka alikuwa na sweta jipya la bluu, mikono mirefu, shingo safi. Mimi Mama alinifumia la masazo. Mstari mmoja rangi hii, mstari mwingine rangi ile, na halikuwa na mikono, uzi uliishia mabegani. Watoto wa darasa langu wakaniita Bendera na kunisindikiza kila asubuhi wakinipigia saluti. Nililivaa miaka miwili. Siku moja nikarudi nimejaa machozi, nikamwambia Mama, "Mimi si jalala la masazo ya watu." Sweta lile sikuliona tena, na Mama hakuwahi kunifumia jingine. Hata ufumaji wangu nilijifunzia kiwandani, kwenye mashine.

Nina miaka hamsini na mbili na bado jambo hili sijalisahau. Wa Kaka ni uzi mpya, wa kwangu ni masazo. Na sasa nani anamwosha Mama mgongo?

Machi 19, Jumatano

Nimesoma ya jana nikaona aibu. Sifuti. Kidole kimesogea mara nne.

Machi 24, Jumatatu

Vidole viwili sasa vinabana uzi. Havikazi, vinabana. Mlangoni kuna vishada kumi na tisa. Jirani aliuliza kama tuna sherehe.

Machi 28, Ijumaa

Mvua siku ya tatu bila kupumua. Maji yameingia karakanani hadi kwenye miguu ya mashine, na msimamizi ametufungia mpaka aite. Gunia langu la masazo nililokuwa nimeacha kule limelowa na kuvunda. Nyumbani limebaki furushi dogo la bluu. Mama amechoka na bluu hata hivyo. Leo alisukuma kadibodi kwa kiwiko.

Machi 31, Jumatatu

Bluu imekwisha. Zimebaki wiki nane kasoro siku moja, na vidole vimeanza kuamka. Siwezi kuviacha vilale.

Nimekumbuka kwamba Mama ana bonge la uzi chini ya kitanda, ndani ya bati la biskuti. Limekuwa humo miaka yote. Rangi za kila namna, zimeungwa kwa mafundo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho nitainama.

Aprili 1, Jumanne

Nililitoa bonge Mama akiwa amelala, nimfanyie jambo la kumshangaza. Kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Lina vipande ishirini na vitatu, kila kimoja kimefungwa na mwenzake kwa fundo dogo la kibapa, lililolala tambarare, fundo la Mama, ambalo hakuna mwingine anayelifunga hivyo. Nikakata mafundo yote. Ndivyo tunavyofanya kazini: uzi wowote unapangwa kwa rangi kwanza, kijani na kijani, nyeupe na nyeupe.

Ulikuwa umejaa mikunjo kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikalaumu bati. Nikachemsha maji, nikapitisha uzi kwenye mvuke mpaka ukanyooka, nikauviringisha upya katika vidonge safi, nikavipanga kapuni. Cha rangi ya damu ya mzee kilikuwa sufu halisi, nene, ya zamani, isiyoteleza kama uzi wetu wa karakanani. Nikavua bluu yote kwenye kijiko na kuviringisha hicho. Kilikaa vizuri sana. Nilijisifu.

Mama akiamka kesho asubuhi ataona rangi.

Aprili 2, Jumatano

Aliona.

Nilimwekea kapu mapajani. Alilitazama kwa muda mrefu. Alitazama bati tupu sakafuni. Kisha akaanza kutoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitoa, hata siku ya mazishi ya Baba. Hakukuwa na neno ndani yake. Alijaribu kukusanya vidonge kwa mkono wa kushoto, uliopindika, vikamponyoka vikabingirika hadi mlangoni, naye akawa anavifuata kwa macho kimoja kimoja.

Nilipiga magoti nikasema Mama, ni masazo tu, nitakununulia uzi mwingine, wa rangi zote. Nilisema hivyo, "masazo tu." Akanitazama. Halafu akageukia ukutani.

Jioni hakula. Nikimgusa mkono wa kulia anaukaza wote, kutoka bega. Bwana Tena amekuja na kusema tena mara tatu, na akaondoka bila kusema ya nne.

Mama mdogo amenigombeza. "Ungeuliza. Kuuliza kunauma?" Nikamuuliza bonge lile lilikuwa la nini. Akasema hajui lote, ila anajua dada yake alikuwa akilitoa kila mwaka, analiweka juani, analirudisha bila kufumua hata mzunguko mmoja. Alijua tu kwamba halichezewi.

Aprili 3, Alhamisi

Haukufanya kitu.

Aprili 4, Ijumaa

Haukufanya kitu. Uji nusu kikombe, nimemlisha mimi.

Aprili 7, Jumatatu

Haukufanya kitu. Karakana imefunguliwa. Nimefuma masweta na sikuzungumza na mtu, mpaka msimamizi akaniuliza kama ninaumwa jino.

Aprili 9, Jumatano

Vidole vimeanza kujikunja kwa ndani. Bwana Tena ananiambia kwa upole kwamba siku kumi bila kazi ni nyingi. Kaka amepiga simu kuuliza, nikamwambia ukweli. Hakunicheka. Ingekuwa heri angenicheka.

Aprili 10, Alhamisi

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Uzi si maji. Nimekata mimi, nitaunga mimi. Nisichokijua ni mpangilio, na anayeujua ni mtu mmoja, naye hana neno ila basi. Sawa. Hatuhitaji maneno, tunahitaji kidole.

Aprili 12, Jumamosi

Nilipanga vipande vyote kwenye sinia, nikaliweka upande wa kulia wa Mama, nikakaa chini. Nikamwambia, "Mama, niliharibu. Nionyeshe kilianza kipi."

Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Mvua ilianza ikakatika. Mama mdogo alipita mara mbili, mara ya pili akanivalisha kanga mabegani. Nilishaamua kwamba nitakula hapo na kulala hapo kama ni lazima.

Ndipo mkono wa kushoto ukanyooka, ukavuka mwili wote, ukagusa kile cha rangi ya chungwa. Kidogo, hakizidi dhiraa tatu. Nikauliza hiki? "Basi," akasema. Hiyo ilikuwa ya nane, sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ndiyo.

Aprili 13, Jumapili

Cha pili ni nyeupe. Ili kufunga fundo lazima mtu ashike ncha moja. Nimeiweka ncha ya chungwa kati ya vidole vyake vya kulia, nikamwambia Mama bana, ukiachia tunaanza upya. Tulianza upya mara kumi na moja. Ya kumi na mbili alibana.

Aprili 16, Jumatano

Cha tatu ni kijani. Cha nne nikadhani ni kile kijani kingine, vikae pamoja, nikakichukua mwenyewe. Basi. Hapana. Akaelekeza nyeupe nyingine. Nikamwambia Mama, havipendezi hivyo. Basi, basi. Mkali vilevile kama zamani, na nimefurahi.

Aprili 17, Alhamisi

Njano.

Aprili 19, Jumamosi

Kijivu. Amekibana mpaka fundo likakaza.

Aprili 22, Jumanne

Leo nimeondoa ujanja wa mkono wa kushoto: sinia nimelisogeza mbali zaidi kulia, ambako wa kushoto haufiki. Alininunia kwa saa nzima. Mimi ni mtoto wake, najua kununa pia. Mwishowe mkono wa kulia ukatambaa juu ya shuka, polepole, ukaangukia zambarau. Hakukichukua. Alikiangukia tu, lakini alijua anakoangukia.

Aprili 26, Jumamosi

Bluu ya mbingu, kijivu cha pili. Bandu bandu huisha gogo.

Aprili 30, Jumatano

Waridi, nyeupe ya tatu. Mvua imepungua, paa limepata nafuu kabla yetu.

Mei 4, Jumapili

Naandika asubuhi, chai bado iko mezani.

Tulikuwa tumefika kipande cha kumi na tatu. Mama alikuwa anavuta pumzi kabla ya kunyoosha mkono, nami nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kijani tena, halafu nyekundu, halafu njano nyembamba." Sikujua nimetoa wapi. Mama aligeuka akanitazama, na mkono wake ukaenda kwenye kijani.

Nikasema tena kuanzia mwanzo, taratibu. Chungwa, nyeupe, kijani, nyeupe, njano, kijivu. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, ninatazama kifua changu mwenyewe, na hapo ndipo nilipoelewa. Hivi ndivyo nilivyokuwa nikiihesabu darasani, nimeinama ili wasinione uso, kuanzia shingoni kushuka. Mistari ishirini na mitatu. Kila siku, kwa miaka miwili.

Bonge lile ni sweta langu.

Hakulitupa. Lilipoacha kunitosha, au nilipolikataa, alilifumua kutoka shingoni na kuliviringisha lilivyo, mstari kwa mstari, akaliweka chini ya kitanda chake miaka arobaini na tatu. Na mimi, mfumaji, mtu ambaye kila siku anashika uzi, niliiona mikunjo. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza kazini anajua uzi wenye mikunjo umewahi kuwa kitu. Nikaunyoosha kwa mvuke nikalaumu bati.

Nimelia mbele yake. Alinipapasa kichwa kwa mkono wa kulia. Ulikuwa mzito, ulianguka zaidi kuliko kupapasa, lakini ulikuwa wa kulia. Nimeandika.

Mei 7, Jumatano

Nyekundu. Kazini leo nimeokota uzi uliokatwa chini ya mashine ya mwenzangu, nimeuweka mfukoni bila sababu.

Mei 11, Jumapili

Nilimweleza mama mdogo. Akaacha kumenya viazi. Akasema sasa ameelewa jambo lililomshangaza akiwa msichana.

Mwaka ule Baba alikuwa hana kazi. Wateja wa Mama walikuja na uzi wao, na sazo lilikuwa mali ya mteja. Ukifuma sweta la mtu unamrudishia kila kilichobaki, hata kama kinatosha kufungia kidonda tu. Sweta la Kaka lilikuwa sare ya madarasa ya juu, halikuwa na mjadala, lilipatikana kwa kuuza viatu vya Mama mwenyewe. Mimi nilikuwa nianze shule mwaka uliofuata, na hakukuwa na viatu vingine vya kuuza.

"Akawa anaomba," mama mdogo alisema. "Kila anapompelekea mtu sweta lake, anamwambia nipe hiki kilichobaki, nina binti yangu. Mwaka mzima. Na wewe unamjua dada. Dada haombi hata chumvi."

Watu ishirini na wawili walimpa. Wa ishirini na tatu hakuwa mteja. Kipande hicho kilikuwa pindo la chini, mizunguko minne ya rangi ya damu ya mzee, na uzi huo aliufumua kwenye sweta la Baba la harusi, sehemu ya kiunoni ambayo shati ingefunika.

Nami nilimwambia mimi si jalala la masazo ya watu.

Niliingia chumbani. Mama alikuwa anajizoeza kufungua na kufunga vidole, peke yake, bila Bwana Tena wala mimi. Nikamwambia, "Mama, lile neno langu la zamani kuhusu sweta, nilikosea. Nisamehe." Alinitazama mpaka nikadhani hajaelewa. Kisha akasema, "Basi."

Nimezihesabu basi za Mama tangu Februari. Hii sitaipa namba.

Mei 14, Jumatano

Vipande vinne siku moja. Sasa tunaimba mpangilio pamoja: mimi nasema rangi, yeye anaifuata kwa mkono. Kijiko anakiinua hadi kidevuni kikiwa kitupu. Kikiwa na uji, nusu njia.

Mei 17, Jumamosi

Uji umefika mdomoni mara moja. Mara tano umeishia kifuani. Tena.

Mei 20, Jumanne

Kipande cha ishirini na mbili kimeungwa. Sinia tupu. Mama akatazama huku na huku, akaona. Akaelekeza kijiko.

Cha ishirini na tatu ndicho nilichoviringisha kwenye mpini. Pindo. Nilikuwa nimesahau kabisa, na ninakishika kila siku.

Nikamwambia Mama, hiki kingoje. Jumapili Kaka anakuja, na bila unene huu hutakishika. Basi, akasema, kwa hasira. Akaanza kukikwangua kwa kucha. Nikakichukua nikakiweka kabatini. Kwa mara ya kwanza tangu Machi mimi ndiye niliyesema hapana. Amelala amenipa mgongo, na mimi nimekaa jikoni nikijua kwamba ana haki, na kwamba sitakitoa.

Mei 22, Alhamisi

Vijiko vitatu kati ya kumi. Hatusemeshani, ila tunafanya mazoezi.

Mei 24, Jumamosi

Vijiko vinne. Hakuna wingu hata moja.

Mei 25, Jumapili

Kaka alifika saa nne asubuhi, amesafiri usiku kucha. Nilipomfungulia nyuma ya gari atoe mzigo, niliona godoro jipya, bado limo kwenye plastiki, limetandazwa tayari kwa mtu wa kulala safari nzima. Hakuwa amekuja kunikomoa. Alikuwa amejiandaa kumbeba mama yake. Hilo lilinipunguza ukali, ila halikunipunguza nia.

Tulikaa mezani wote: Mama, Kaka, mama mdogo, na Bwana Tena aliyekuja siku yake ya mapumziko akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Nikaweka bakuli la uji mzito. Nikaweka kijiko upande wa kulia. Mikono yangu nikaikalia, maana ilitaka kusaidia.

Kijiko cha kwanza kilimwagika chote. Kaka akatazama chini. Cha pili kikafika shavuni. Bwana Tena akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Cha tatu kikaingia. Cha nne kikaingia. Cha tano nusu ikaenda mezani na nusu ikaingia. Alikula bakuli lote hivyo, kwa muda mrefu, na meza ikala sehemu yake, lakini hakuna mtu aliyemgusa. Bakuli lilipokwisha alilikwangua.

Hakuweka kijiko chini. Alikilamba, akakifuta kwenye kitambaa chake cha kifuani, kisha akakiweka mapajani na kuanza kutafuta ncha ya uzi. Vidole vya kulia viliteleza, vikarudi, vikateleza. Vikaipata. Akavuta. Damu ya mzee ikaanza kufunguka, mzunguko mmoja, na kijiko kikawa kinamtoroka kila akivuta.

Niliinuka, nikaleta bonge kutoka kwenye bati. Kaka alikuwa haelewi anachokiona. Nikamwambia, "Ni lile sweta langu, Kaka. Lile la Bendera. Hicho ni kipande cha mwisho."

Alilitazama bonge, kisha akaziona rangi. Naye aliwahi kuzihesabu. Alitembea nyuma yangu miaka miwili kwenda shule. Akainuka, akapiga magoti mbele ya Mama, akashika kijiko kwa mikono miwili ili kitulie. Mama akavuta, mimi nikapokea uzi. Ulikuwa mwingi kuliko nilivyokumbuka. Mkono ulianza kutetemeka, kwanza vidole, halafu hadi kiwiko, na jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Basi, Mama," Kaka akasema taratibu. "Umeshinda. Unabaki. Godoro nitaliacha hapa. Pumzika."

Mama akamtazama. Midomo ikafanya kazi, ikakataa, ikafanya kazi tena.

"Bado," akasema.

Na akaendelea kuvuta.

Mei 26, Jumatatu

Leo mkono wa kulia wa Mama ulifunga fundo, lile dogo la kibapa, bila mtu kuushika.

Sentensi moja inatosha.